Daktari wa Ngozi Anayejifunza Utafiti: Fanya Hivi, Usifanye Vile

Nakaa Herndon, Virginia, mji mdogo ulio pembeni ya uwanja wa ndege wa Dulles. Madaktari wanaosomea ubingwa wa ngozi Moshi na kwingineko Afrika Mashariki, wakija eneo hili la Washington kwa mafunzo mafupi, hunipitia. Wasiokuja hunitumia rasimu za tasnifu kwa barua pepe. Nimezisoma kwa miaka mingi na makosa ni yaleyale, mengi yakimwangukia mgonjwa kwanza na mwandishi baadaye. Akili mnazo. Kwa hiyo sitabembeleza.

SWALI: FANYA

Anza na mgonjwa aliyekukwamisha kliniki. Kituo cha Kanda cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi pale hospitali ya KCMC, Moshi, kilianza mwaka 1992 chini ya Profesa Henning Grossmann kwa hoja moja tu: magonjwa ya ngozi yamejaa vijijini, mabingwa hawafiki huko, basi wafundishwe matabibu warudi kwenye hospitali za wilaya. Wamefundishwa hapo watu kutoka nchi nyingi za Afrika, na madaktari wa shahada ya uzamili wako nao jengo moja. Pima swali lako kwa tabibu huyo. Ukimaliza tasnifu, atabadilisha nini kwenye dawa anazoandika? Kama hakuna, tafuta swali jingine kabla hujapoteza mwaka.

Uliza dogo, ulijibu lote. Watafiti wa upele kule Fiji waliuliza jambo ambalo hata mwenyekiti wa kijiji angelielewa: tukiwapa dawa watu wote wa kisiwa, wagonjwa na wazima, baada ya mwaka upele utakuwa umebaki kiasi gani? Walichapisha majibu mwaka 2015. Kwenye visiwa vilivyopewa ivermectin upele ulishuka kutoka asilimia 32.1 hadi 1.9. Palipotibiwa wagonjwa na jamaa zao tu, kama ilivyo kawaida, ulishuka kutoka 36.6 hadi 18.8. Swali moja, jibu moja, na wizara ya afya yoyote inaweza kulitumia.

Soma kwanza yaliyoandikwa kwetu. Mwaka 1985 Dkt. Luande na wenzake walichapisha kwenye jarida la Cancer kazi yao kuhusu ngozi ya watu wenye ualbino Tanzania, na bado kuna tasnifu za ualbino zinazoandikwa leo bila kuitaja. Kidonda cha Buruli kinaitwa kwa jina la sehemu ya Uganda, na wa kwanza kukiandika anahesabiwa kuwa Albert Cook wa Hospitali ya Mengo, mwaka 1897. Alikiandika kwenye kumbukumbu za wagonjwa. Faili lako la leo lingemsaidia nani baada ya miaka 100? Mengi yana mstari mmoja: "upele, apewe dawa ya BBE."

SWALI: USIFANYE

Usirudie "ukubwa wa tatizo la magonjwa ya ngozi kwa wanafunzi wa shule za msingi" kwa kubadilisha jina la wilaya. Mapunye yapo. Tunajua. Aliyekutangulia alihesabu, aliyemtangulia yeye alihesabu, na watoto bado wananyolewa kwa wembe mmoja.

Usiandike tu kwamba sampuli yako ni watu 384. Namba hii imekuwa kama jina la ukoo kwa tasnifu za Afrika Mashariki. Inatoka kwenye hesabu inayodhani kwamba nusu ya watu wana ugonjwa, na kwamba utaridhika jibu likikosea kwa asilimia 5 juu au chini. Basi. Kama ugonjwa wako unampata mtu mmoja kati ya 20, kukosea kwa asilimia 5 maana yake jibu lako liko popote kati ya sifuri na 10, yaani hujajibu kitu. Ukitaka kukosea kwa asilimia 1 tu, unahitaji watu wapatao 1,825. Na kama unachukua darasa zima au kaya nzima, ongeza tena, maana upele haumwingii mtoto mmoja ukamwacha ndugu yake anayelala naye. Kaa na mtaalamu wa takwimu kabla ya kukusanya data. Ukimwendea baada, atakupa pole tu.

MWILI WA MGONJWA: FANYA

Jifunze madhambi ya fani yako. Sisi ni madaktari wa ngozi na magonjwa ya zinaa, kwa hiyo kaswende ni yetu, na Tuskegee ni yetu pia. Kule Alabama, kuanzia mwaka 1932, idara ya afya ya serikali ya Marekani iliwafuatilia wanaume Weusi wapatao 600, na 399 kati yao walikuwa na kaswende. Waliambiwa wanatibiwa "damu mbaya". Hawakuwa wakitibiwa. Kufikia mwaka 1947 penisilini ilikuwa dawa inayojulikana ya kaswende, lakini wao hawakupewa, na jambo hilo liliendelea mpaka magazeti yalipolianika mwaka 1972. Ripoti ya Belmont ya mwaka 1979, ambayo kanuni zake zimo kwenye fomu unayoijaza kwa kununa, ilitokana na aibu hiyo.

La pili ni la daktari wa ngozi hasa. Albert Kligman wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania ndiye aliyeipa dunia tretinoini ya kupaka, dawa ya chunusi unayoiandika kila wiki. Kuanzia miaka ya 1950 mpaka 1974 alijaribia bidhaa na kemikali kwenye ngozi za wafungwa wa gereza la Holmesburg, Philadelphia, wengi wao Weusi. Kampuni zililipa. Dow Chemical ilimlipa ajaribu dioksini, naye akawapaka baadhi ya wafungwa kiasi kikubwa mno kuliko walichokubaliana. Wafungwa walipewa visenti, na baadhi yao walitoka gerezani na makovu. Chuo kiliomba radhi mwaka 2021, na jiji la Philadelphia mwaka 2022. Aliyefanya haya hakuwa mjinga wala mzembe, alikuwa mwalimu aliyeheshimika na wanafunzi wake waliona sawa. Siku utakapolalamika kwamba kamati ya maadili inakuchelewesha, kumbuka kwamba Holmesburg hapakuwa na wa kumchelewesha.

Omba ridhaa kwa lugha ya mtu, kisha mwambie akurudishie kwa maneno yake. Saini au dole gumba havithibitishi kwamba ameelewa. Msomee bibi aliyetoka milimani Upareni ukurasa mzima wa Kiswahili cha chuoni, halafu muulize: "Bibi, nimekuomba nini?" Akikujibu, "Umesema unanikata kidogo nipone," hapo hakuna ridhaa. Kinyama unachokata ni cha utafiti, hakimponyeshi. Anza upya, polepole, na mtu wake wa karibu akiwepo kama anataka. Akisema hapana, mshukuru, mtibu, na dawa ileile aipate.

Uliza kuhusu makovu kabla ya kukata. Ngozi yetu huota keloidi kirahisi, hasa kifuani, mabegani na masikioni. Mtazame sikio lilipotobolewa, utajua.

MWILI WA MGONJWA: USIFANYE

Usikate kinyama cha utafiti usoni kwa msichana ikiwa ugonjwa uleule uko kwenye mkono. Jarida halitauliza ulikata wapi. Yeye ataulizwa maisha yake yote.

Usimfanye mgonjwa wako wa kliniki achague kati yako na dawa. Ukiwa wewe ndiye unayemtibu, mwache mwingine aombe ridhaa. Mgonjwa wa Kitanzania hamkatalii daktari uso kwa uso, ataitikia "sawa daktari" huku akijua kesho harudi.

Usisafirishe sampuli kimyakimya. Kinyama cha mtu wa Moshi hakiendi maabara ya Marekani kwenye begi lako. Panatakiwa kibali cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba Tanzania, na mkataba wa kuhamisha sampuli unaosema zinakwenda kufanyiwa nini, zitakaa muda gani, na nani mwenye matokeo. Tena kubeba fomalini kwenye ndege kuna masharti yake. Nimeona watu wakijaribu, wakiwa na chupa zimefungwa kwenye soksi. Acheni mchezo.

PICHA: FANYA

Piga kwa mwanga wa dirisha, si kwenye jua la moja kwa moja, bila flashi. Flashi kwenye ngozi nyeusi yenye mafuta hukuachia doa jeupe na kuficha kidonda chenyewe. Weka rula. Piga moja ya mbali inayoonyesha sehemu ya mwili, kisha moja ya karibu. Ukirudia baada ya matibabu, iwe umbali uleule, saa ileile, ukuta uleule nyuma. Picha ya kwanza gizani na ya pili juani itaponya ugonjwa wowote.

Zima kitambua mahali kwenye kamera ya simu. Faili la picha hubeba ramani ya ulipopigia. Kwa mgonjwa mwenye ualbino hiyo inaweza kuwa ramani ya nyumba yake, na Tanzania imezika watu waliouawa kwa sababu ya ualbino wao. Sihitaji kueleza zaidi.

PICHA: USIFANYE

Usitume picha kwenye kundi la WhatsApp la madaktari ukisema "wakuu, naombeni maoni." Ndani ya kundi lile kuna watu 200, nusu huwajui, na simu zao ziko mikononi mwa watoto wao. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya inayo ya mwaka 2019. Ukitaka maoni, mpigie mwalimu wako.

Usidhani mstari mweusi machoni unaficha mtu. Jirani anamjua kwa kovu la shavuni, kwa chale, kwa kitenge.

VIPIMO: FANYA

Pima wekundu kama unavyoonekana kwetu. PASI, kipimo cha ukali wa soriasisi cha mwaka 1978, kinataka useme ngozi imekuwa nyekundu kiasi gani. Kwa mgonjwa mweusi wekundu huo ni zambarau, au kijivu, au weusi uliokolea. Kabla hujaanza, kaeni waangalizi wawili, pimeni wagonjwa walewale kila mtu peke yake, kisha linganisheni. Mkitofautiana sana, kipimo hakiko tayari. Malone Mukwende, mwanafunzi wa udaktari London mwenye asili ya Zimbabwe, alichapisha na wenzake mwaka 2020 kitabu cha kuonyesha dalili za magonjwa kwenye ngozi nyeusi kwa sababu alifundishwa dalili zilezile kwenye ngozi nyeupe tu. Mwanafunzi! Nyinyi mnaowaona wagonjwa weusi kila siku mnangoja nini?

Kwenye utafiti wa mkorogo, omba kuona kopo. Ukiuliza "Dada, unatumia mkorogo?" jibu ni hapana, na dodoso lako litasema asilimia ndogo kabisa ya wanawake hujichubua. Huku uso mweupe na vifundo vya vidole vyeusi viko mbele yako. Sema: "Dada, siku ya kurudi niletee mafuta yote unayopaka, hata ya mwilini." Ataleta mfuko wa plastiki. Humo utakuta kopo lisilo na lebo lililochanganywa dukani, na tyubu ya steroidi kali aliyouziwa kama losheni. Andika kila kimoja, piga picha lebo za vyenye lebo. Hiyo ndiyo data.

VIPIMO: USIFANYE

Usitumie aina za ngozi za Fitzpatrick kama jina la kabila. Thomas Fitzpatrick alizipanga mwaka 1975 ili kukadiria dozi ya miale kwa wagonjwa weupe, akiuliza ngozi inaungua au inakolea. Aina ya tano na ya sita ziliongezwa baadaye ili watu wa kahawia na weusi nao wapate pa kuwekwa. Ukiandika "wagonjwa wote walikuwa aina ya VI" hujasema lolote kuhusu Mchaga, Msomali na Mmakonde waliokuwa kwenye foleni moja.

Usitafsiri DLQI mwenyewe usiku mmoja. Dodoso hilo la athari za ugonjwa wa ngozi kwenye maisha lilitungwa Cardiff mwaka 1994 na Finlay na Khan: maswali 10, alama 0 mpaka 30, kuhusu siku 7 zilizopita. Lina hakimiliki. Omba ruhusa na uulizie tafsiri ya Kiswahili iliyokwisha kuidhinishwa. Hata ukiipata, kaa na watu 10 kwanza uwasikilize. Kuna swali la michezo na swali linalotaja kutunza bustani. Mama anayelima ekari 2 kwa jembe atajibu nini kuhusu bustani? Kuna swali la tendo la ndoa pia. Usimtume kijana wa kiume wa miaka 22 akamuulize mama mtu mzima mbele ya mkwewe, halafu uripoti kwamba "halikujibiwa".

MAABARA: FANYA

Andika jina kwenye chupa, si kwenye kifuniko. Vifuniko hubadilishana. Karatasi unayoitia ndani iandikwe kwa penseli, maana wino huyeyuka. Fomalini iwe mara 10 ya kinyama. Ukitaka kupima vinasaba, gawa kipande kabla, cha pili kiende kwenye alkoholi.

TAKWIMU: USIFANYE

Usihesabu madoa kama watu. Wagonjwa 20 wenye madoa 5 kila mmoja ni wagonjwa 20, si 100.

Usifute wagonjwa waliopotea. Kwenye tasnifu nyingi za ukoma na pumu ya ngozi, waliokosa kurudi huondolewa mezani kimya na dawa ikaonekana imefanya kazi. Andika wangapi walianza, wangapi walimaliza, na wasiorudi ulipowapigia simu walisema nini. Mara nyingi walikosa nauli.

Usipike data. Msimamizi mwenye macho anaona: umri wote unaishia na 0 au 5, wagonjwa 8 Jumapili ya Pasaka, mwandiko mmoja kwenye madodoso ya wasaidizi watatu. Afadhali useme umepata 112 badala ya 200. Utafaulu na 112 za kweli.

JINA NA JARIDA: FANYA

Kubalianeni majina ya waandishi kabla ya kuanza, kwa maandishi. ICMJE, kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, ina masharti manne: mchango wa maana kwenye kazi, kuandika au kuhariri, kuidhinisha nakala ya mwisho, na kuwajibika kwa yaliyomo. Mkuu wa idara asiyetimiza hayo ashukuriwe chini, kwa heshima zote. Tabibu aliyekukusanyia wagonjwa miezi 6 na kusahihisha rasimu, akaidhinisha nakala ya mwisho na kukubali kuwajibika, anatimiza. Mwandike.

Soma bure unapoweza. HINARI ilianzishwa mwaka 2002 ili vyuo vya nchi zenye kipato kidogo vipate majarida. Kama maktaba yako imesahau neno la siri, kalidai.

JINA NA JARIDA: USIFANYE

Usilipe jarida linalokuandikia "Dear Eminent Professor" ukiwa mwaka wa pili wa uzamili. Linalochapisha ngozi, kilimo na uhandisi kwenye toleo moja ni kibanda cha kukusanya ada. Makala ikishaingia huko haitoki, na utakapoomba kazi itakusindikiza.

MAREKANI: FANYA

Dai muda. Hapa NIH, taasisi ya utafiti wa afya ya serikali ya Marekani, kwenye tuzo zake za kumlea daktari mtafiti ziitwazo K08 na K23, kwa kawaida inamtaka mhusika atenge angalau asilimia 75 ya muda wake wa kazi kwa utafiti. Sisi tunamtaka rezidenti aandike tasnifu baada ya zamu ya usiku, halafu tunashangaa inanuka usingizi. Mwombe mkuu wako siku moja kwa wiki isiyo na kliniki, na iandikwe kwenye ratiba ya idara. Ukiipata usiiuze kwa kliniki binafsi ya jioni.

MAREKANI: USIFANYE

Usije kwa viza ya utalii ukaingia maabara "kusaidia tu". Kazi isiyolipwa nayo inaweza kuhesabiwa kazi, na atakayepigwa marufuku kurudi ni wewe. Na viza ya J-1 ya utafiti haikupi ruhusa ya kutibu. Wapo madaktari wetu hapa Virginia waliopoteza miaka wakipanga data za watu, wakiamini mwisho wake ni nafasi ya kusomea ngozi. Uliza mapema, kwa barua: nafasi ipo au haipo, nalipwa na nani, jina langu litakaa wapi.

Usimkabidhi mshirika wa nje data zote kwenye flashi ukabaki mikono mitupu. Mmoja alikuja kwangu na makala iliyochapishwa kuhusu wagonjwa aliowahudumia yeye, kijijini kwao, picha alizopiga yeye. Jina lake lilikuwa kwenye mstari wa shukrani, limekosewa herufi. Aliponiuliza afanye nini, nikamuuliza nakala ya data iko wapi, na mkataba uko wapi. Hakuwa na chochote. Weka nakala mbili, moja chuoni kwako, na usitume faili kabla barua ya makubaliano haijasainiwa na pande zote mbili.